Sanduku la Picha na Ndege wa Shetland

Jioni ya leo twataka kuwachukueni mbali, hata visiwa vya Shetland, vilivyo mwisho wa nchi ya Scotland upande wa kaskazini. Hatuendi huko kwa biashara, wala kutazama miji mikubwa, maana haiko. Twaenda kupiga picha za ndege wa bahari na za nchi wanayokaa, pamoja na kundi dogo la wasafiri walioongozwa na mtu aijuaye kazi hiyo. Huenda mmoja wenu akauliza: Je, kupiga picha ya ndege kwahitaji kiongozi? Ndege yuko, sanduku la picha liko, na jicho liko, kimebaki nini? Sisi nasi tuliuliza vivyo hivyo kabla ya kwenda. Jawabu tulilipata siku ya nne ya safari, tena kwa aibu, nalo ndilo hasa tunalotaka kuwaelezeni. Lakini hatuna budi kwanza kufika.

Safari huanzia bandari ya Aberdeen. Meli hung'oa nanga jioni, husafiri usiku kucha, na asubuhi huingia Lerwick, ulio mji mkubwa wa visiwa hivyo. Mkubwa kwa kadiri yao. Maana visiwa vyote ni zaidi ya 100, vyenye wakazi ni 16 tu, na watu wote pamoja ni kiasi cha 23,000. Mgeni atokaye kwetu hushangaa kwanza kwa kutoona miti. Upepo wa bahari haupumziki, kondoo nao hula kila chipukizi, basi nchi imebaki wazi: majani mafupi, udongo mweusi wa mboji ambao wenyeji huukata vipande na kuukausha uwe kama kuni, farasi wafupi wanaomfikia mtu kiunoni, na pembeni, kotekote, magenge ya mawe yaliyochongwa na mawimbi. Hakuna mahali hata pamoja katika visiwa hivyo palipo mbali na bahari zaidi ya maili tatu.

Zamani visiwa hivi vilikuwa chini ya ufalme wa Norway. Mwaka 1469 Mfalme wa Denmark na Norway alimwoza binti yake kwa Mfalme wa Scotland, na kwa kuwa katika desturi za huko baba wa bibi arusi ndiye aliyepaswa kutoa mali, naye hakuwa na fedha za kutosha, aliviweka visiwa rehani. Fedha hazikulipwa, rehani haikukombolewa, na jambo likaisha hivyo. Walakini lugha ya kale iliacha alama zake, hasa katika majina ya ndege. Buabua wa kaskazini wenyeji humwita tiriki. Skua mkubwa humwita bonksi. Na ndege mdogo kuliko wote wa bahari ile, ambaye tutakutana naye mwishoni, humwita alamuti. Tutayatumia majina hayo, maana ni mepesi kutamkwa kuliko yale ya vitabuni.

Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tumezoea jua lichomozalo saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, nasi twadhani ndivyo ilivyo duniani kote. Huko sivyo. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama upande, na mwezi wa Juni ncha yake ya kaskazini huwa imeelekea jua. Kwa hiyo katika Shetland jua la Juni hutua kiasi cha saa nne na nusu za usiku, na kabla ya saa kumi za alfajiri limekwisha kuchomoza tena. Hata kati ya kutua na kuchomoza si giza. Ni mwanga hafifu, kama ule unaobaki kwetu baada ya sala ya magharibi, ila huo wa huko haumaliziki.

Kwa mpiga picha hiyo ni neema kubwa. Jua lililo juu ya kichwa hufanya vivuli vikali na weupe unaoumiza jicho, bali jua lililoinama hupaka kila kitu rangi ya asali, hata jiwe tupu likaonekana lina uhai. Kwetu neema hiyo hudumu nusu saa hivi asubuhi na nusu saa jioni. Huko hudumu saa nyingi. Hasara yake ni kwamba hakuna kulala. Kiongozi wetu alikuwa akitugongea milango saa nane za usiku, na siku ya pili tulikuwa tukisinzia mezani na vijiko mikononi.

Kazi hii ya kuwapiga picha ndege wa mwitu haina miaka mingi. Ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, wana wa mkulima wa Yorkshire, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, nao wahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa katika kazi hii. Sanduku lao lilikuwa zito, lenye miguu mitatu, na ndani yake mlitiwa kioo kimoja kimoja kwa kila picha. Ili wawakaribie ndege bila ya kuwatisha, walitengeneza ng'ombe wa bandia: ngozi ya ng'ombe juu, mifupa ya miti ndani, na mpiga picha amejikunja tumboni. Mara moja Richard alizimia humo ndani kwa joto na kujikunja, na ng'ombe akaanguka miguu juu. Nduguye Cherry alifika hata Afrika ya Mashariki mwaka 1909, akapiga picha za wanyama na za safari ya Theodore Roosevelt. Alifariki London mwaka 1940, muda mfupi baada ya kuwapa watoto mazungumzo katika redio, jambo ambalo sisi tukaao mbele ya chombo hiki hatuwezi kulisahau.

Siku hizi hakuna haja ya ng'ombe wa ngozi. Lenzi ndefu kama mkono wa mtu humleta karibu ndege aliye mbali, hata manyoya yake yahesabike. Ndani ya kamera kuna kijilango kinachofunguka na kufungika kwa sehemu moja katika elfu mbili ya sekunde, nacho humkamata ndege arukaye kana kwamba amesimama hewani. Picha huonekana papo hapo katika kioo kidogo cha nyuma. Lakini kadiri chombo kilivyozidi kuwa chepesi, ndivyo waliokishika walivyozidi kuwa wengi, na mahali palipofikiwa zamani na watu wawili na ng'ombe wao wa bandia sasa hufikiwa na mamia katika kiangazi kimoja.

Siku za kwanza tulikaa kusini, katika rasi ya Sumburgh, chini ya mnara wa taa uliojengwa mwaka 1821. Hapo ndipo mgeni anapoonyeshwa pafini. Ndege huyu hajafika urefu wa futi moja. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, miguu ya rangi ya chungwa, na mdomo mpana wenye rangi tatu au nne kana kwamba amevaa kwa sikukuu. Na kweli ni vazi la sikukuu, maana baada ya kulea hulivua: magamba yenye rangi hupukutika, akabaki na mdomo mdogo wa kijivu kwa majira ya baridi, aliyo nayo mbali baharini. Hutaga yai moja tu kwa mwaka, ndani ya shimo la ardhini. Huko Sumburgh pana ukuta wa mawe kati ya watu na genge, ndege wako upande wao na watu upande wao, hata mtoto aweza kuwatazama asiwadhuru. Tukajiona tumekuwa mafundi.

Siku ya tatu tulivuka kwa feri mbili hata Unst, kisiwa cha mwisho chenye watu, na siku ya nne tukapanda kwa miguu kwenda Hermaness. Nchi hiyo ni ya kupigiwa picha hata kama ndege wasingekuwako. Njia yapita juu ya mboji iliyolowa, na hatimaye ardhi yakatika ghafula, na chini ni bahari. Na ng'ambo yasimama majabali meusi yaliyochongoka, na juu ya moja wapo mnara wa taa uitwao Muckle Flugga, ambao wanadamu walithubutu kuujenga mahali ambapo hata mbuzi angesita. Mbele ya hapo hakuna nchi tena, ila bahari na barafu ya kaskazini.

Katika njia ile zamani mtu alishika fimbo juu ya kichwa, kwa sababu ya bonksi. Huyu ni ndege mkubwa, wa rangi ya udongo, mnyang'anyi, naye hushuka kama jiwe juu ya mtu apitaye karibu na kiota chake. Sehemu kubwa ya bonksi wote wa ulimwengu huzaa Scotland. Sisi tulipita na fimbo zetu, wala hatukuzihitaji sana. Sababu yake tutaieleza tutakapofika Noss.

Basi tukafika mteremko wa majani uliojaa mashimo ya pafini. Kiongozi akatuonyesha mahali pa kukaa, kando ya jiwe kubwa, hatua kama 20 kutoka mashimo ya kwanza, naye akarudi nyuma kumsaidia mama mmoja mzee wa kundi letu ambaye magoti yalimsumbua. Tulikaa pale kitambo. Halafu tukaona kwamba jua liko upande usiofaa, na kwamba chini kidogo, penye kijibonde, mwanga ni mzuri zaidi. Tukasogea hatua chache. Kisha tukasogea nyingine. Hatukukimbia, hatukupiga kelele, na ndege waliosimama mbele yetu hawakuruka. Tukaona hapana ubaya, tukaweka mifuko chini, tukalala kifudifudi, tukaanza kazi.

Pafini walikuwa wakirudi kutoka baharini na samaki midomoni. Kila mpiga picha aendaye kaskazini huitamani picha hiyo: ndege mwenye samaki wembamba wa fedha waliopangwa kwa upana wa mdomo, kama sindano katika kitambaa cha fundi. Nasi tulibahatika, au tulidhani hivyo. Walipita mbele ya nyuso zetu, wakageuka juu ya bahari, wakapita tena, na tena. Tulipiga picha zaidi ya mia mbili.

Kiongozi aliporudi hakupaza sauti. Alichuchumaa nyuma yetu, akatazama kidogo, akauliza, "Huyu aliyepita sasa hivi mmemwona mara ngapi?"

Tukasema hatujui, ndege ni wengi, nao wamefanana.

"Tazameni katika picha zenu," akasema.

Tukazirudia moja moja. Mmoja wa ndege alikuwa na pengo dogo karibu na ncha ya mdomo, na tulipokwisha kuliona hatukuweza tena kuacha kuliona. Alikuwa yeye yule mara tisa, katika dakika 25. Picha ya kwanza yamwonyesha ana samaki saba. Katika ya sita yuko shakwe mkubwa nyuma ya mkia wake. Katika ya saba samaki wamebaki watatu. Katika ya tisa mdomo ni mtupu.

"Hawezi kutua," akasema kiongozi. "Mmekaa mlangoni kwake."

Tukainua mfuko mmoja, na chini yake palikuwa na shimo.

Hatukuwa na la kujibu. Pafini mzima hakimbii ovyo akiwa amesimama, na kwa hiyo mtu hudhani amekubaliwa. Dalili ya kwamba umemzuia haiko kwa yule aliyesimama mbele yako. Iko kwa yule arukaye, apitaye na kurudi na chakula cha mtoto mdomoni. Yaani ile picha inayotamaniwa kuliko zote, na hasa ikipatikana mara nyingi na kwa urahisi, aghalabu ndiyo alama ya kwamba mpiga picha amekaa mahali pasipo pake. Hilo mtu hawezi kulijua kwa macho peke yake siku ya kwanza. Alijuaye ni yule aliyewatazama ndege hao miaka mingi, na hiyo ndiyo kazi ya kiongozi: kwa saa moja ya kuonyesha, saa tatu za kuzuia.

Aliturudisha hata lile jiwe. Baada ya dakika chache pafini wawili wakatua na kuingia mashimoni kwa haraka, kama watu waliochelewa. Yule mwenye pengo hatukumwona tena siku ile. Tulitaka kuzifuta picha, lakini kiongozi akatuomba tuziweke, apate kuwaonyesha wageni wajao, naye ameahidi kutotaja majina yetu.

Samaki saba si kitu, mtasema. Basi sikilizeni habari za samaki hao. Ni wadogo, wembamba, hujificha mchangani chini ya bahari, nao ndio tegemeo la karibu kila ndege wa visiwa vile wakati wa kulea. Katika miaka ya 1980 samaki hao walipungua sana karibu na Shetland. Tiriki walitaga, wakaatamia, wakatotoa, na kiangazi baada ya kiangazi makinda yalikufa kwa njaa. Uvuvi wao kando ya Shetland ulifungwa tangu mwaka 1991 hadi 1995. Watu walibishana sana kama kosa ni la wavuvi au la bahari yenyewe, maana maji ya bahari ile yamezidi kuwa na joto, na joto hilo huwavuruga vidudu vidogo ambavyo samaki hao huvila. Mwezi wa Machi 2024 uvuvi wa samaki hao ulipigwa marufuku katika bahari yote ya Scotland na katika upande wa Uingereza wa Bahari ya Kaskazini. Kwa mvuvi ni hasara. Kwa ndege ni matumaini tu, kwa kuwa sheria haiwezi kuyapoza maji.

Na hao tiriki wasidhaniwe ni ndege wa huko peke yake. Tiriki mmoja wa visiwa vya Farne, kusini ya Scotland kidogo, alifungwa chombo kidogo mguuni mwaka 1015 yaani, mtuwie radhi, mwaka 2015, na aliporudi mwaka uliofuata ikaonekana amesafiri kilometa 96,000: ameteremka pwani ya magharibi ya Afrika, akapita Rasi ya Tumaini Jema, akaingia katika Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, kisha akaenda hata barafu ya kusini. Ndege mwenyewe ana uzito wa kiasi cha gramu 100.

Siku ya tano tulirudi kusini, tukapanda mashua kwenda Noss. Kisiwa hiki kina genge lililo wima tangu majini hata futi karibu 600, na mawe yake yamelala tabaka juu ya tabaka, na upepo na mvua vimeyala yale laini, hata yamekuwa kama rafu za duka. Katika rafu hizo wamekaa ndege. Harufu huwafikia wageni kabla ya sauti, na sauti kabla ya ndege wenyewe kuonekana. Ganeti ndio wakubwa: weupe, ncha za mbawa nyeusi, kichwa cha rangi ya manjano hafifu, na toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa futi sita. Walianza kuzaa Noss mwaka 1914 tu, na baada ya miaka mia moja walikuwa zaidi ya jozi elfu kumi. Huvua kwa kujitupa toka juu hata futi mia, wakazikunja mbawa nyuma wakati wa mwisho, nao huyapiga maji kwa mwendo wa maili 60 kwa saa. Tuliwapiga picha humo mashuani, mashua ikipanda na kushuka, na nyingi za picha zetu ni za maji matupu mahali ambapo ndege alikuwapo.

Kisha kiongozi akatueleza habari ya mafua ya ndege. Ugonjwa huo ulijulikana mwaka 1996 katika mabata bukini ya kufugwa kusini ya China. Ukaenea katika kuku na bata wa nchi nyingi, na baadaye ukavuka kwa ndege wa mwitu. Mwaka 2021 ulianza kuwaua bonksi wa Scotland, na mwaka 2022 ulienda kama moto. Ganeti walikufa juu ya viota, na bahari ikawatupa pwani. Julai ya mwaka ule wageni walikatazwa kushuka katika visiwa vingi vya ndege. Ndege walipohesabiwa baadaye ilionekana kwamba bonksi wa Uingereza na Scotland wamepungua kwa 76 katika kila mia. Hiyo ndiyo sababu fimbo zetu hazikuwa na kazi. Katika Bass Rock, jabali lililo karibu na Edinburgh, lenye ganeti wengi kuliko mahali pengine pote, mwaka 2014 yalihesabiwa makao zaidi ya 75,000. Mwaka 2023 yakawa 51,844. Hesabu hizo zote mbili zilifanywa kwa picha zilizopigwa toka angani, maana hapana mtu awezaye kupita kati ya ndege hao na kuwahesabu kwa kidole.

Wakati huo huo likaonekana jambo jingine. Jicho la ganeti ni la samawati hafifu, karibu na weupe, lenye mviringo mweusi. Mwezi wa Juni 2022 watu wa Bass Rock waliona ganeti wenye macho meusi kabisa. Wataalamu wakawapima ndege 18 waliokuwa hai: wanane walikutwa na dalili katika damu kwamba waliwahi kuugua, na kati ya hao wanane, saba walikuwa na macho yaliyobadilika. Yaani jicho jeusi ni kovu la ugonjwa. Huyo ameugua, akapona.

Usiku ule, badala ya kutuomba tuchague picha zilizo nzuri, kiongozi alituomba tuzikuze zote na kutazama macho. Tulikaa mezani hata saa saba, madirisha yakiwa yangali meupe. Picha zilizotoka vizuri hazikutusaidia lolote zaidi ya zile mbaya. Hatimaye yule mama mzee, ambaye mashuani hakuweza hata kusimama, aliita. Picha yake ilikuwa imepinda, nusu ya ndege imekatwa. Lakini kichwa kilikuwamo, na jicho lilikuwa jeusi, na chini yake kinda mmoja mwenye manyoya meupe kama pamba. Kiongozi akaandika mahali, siku na saa. Tulimwonea wivu yule mama, nao ulikuwa wivu usiodhuru mtu.

Twapita haraka juu ya siku ya sita, iliyokuwa ya mvua. Tulimwona kwa mbali ndege wa ziwani mwenye koo jekundu, ambaye wenyeji husema sauti yake huita mvua, na siku ile alisadikiwa. Huyo yumo katika orodha ya sheria ya mwaka 1981: mtu haruhusiwi kumsumbua kiotani, wala kumpiga picha hapo bila ya hati ya serikali. Kiongozi hakusimamisha hata gari.

Usiku wa mwisho tulikwenda Mousa, kisiwa kisicho na watu. Juu ya pwani yake pana ngome ya mviringo iliyojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mawe matupu bila ya chokaa, na bado yasimama mita 13. Watu walioijenga wametoweka. Waliomo sasa ni alamuti. Huyu ni ndege mweusi, mdogo kama mbayuwayu, uzito wake haufiki gramu 30, naye hukaa katika bahari kuu, na wakati wa baridi hushuka hata bahari ya kusini ya Afrika. Miguu yake ni dhaifu, hawezi kutembea vema nchi kavu, na shakwe akimwona humla. Kwa hiyo hurudi nyumbani wakati wa giza tu. Na kwa kuwa huko giza la Juni ni haba, hungoja hata karibu na saa sita. Katika kisiwa hicho wanazaa zaidi ya jozi 10,000, katika nyufa za ngome, katika kuta za zamani za mashamba, na chini ya mawe ya pwani.

Kabla ya kushuka mashuani kiongozi alikagua kamera moja baada ya moja, ili taa ya ghafula izimwe. Mwanga huo humtia ndege kiwi, naye hana muda wa kupotea hewani. Safari hii hakuna aliyesogea mbele. Tulikaa juu ya majani yaliyolowa, na kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ukuta ukaanza kusema. Ni sauti ya kinu kinachosaga kwa mbali, inakwenda, inakwenda, halafu yakatika kwa kwikwi, na kuanza tena. Yatoka ndani ya mawe, kulia, kushoto, juu ya kichwa. Halafu wakaja wenyewe kutoka baharini, hawaonekani sawasawa, kama popo, wakipita karibu na mashavu yetu hata tukasikia upepo wa mbawa. Kila mmoja akazunguka mara mbili au tatu, akaupata ufa wake, akaingia.

Tulijaribu kupiga picha, kwa kuwa ndiyo tuliyojia. Tunayo moja ya usiku ule. Yaonyesha ukuta mweusi, kipande cha anga la kijivu, na baina yao mstari mmoja uliofifia. Watu tukiwaonyesha huuliza ndege yuko wapi, nasi huwaonyesha ule mstari kwa kidole.

Hapa saa yetu ya mazungumzo imekwisha. Kwa herini.